Kiswahili cha Pipi

Ukutani mwa darasa moja la sekondari hapa Gisenyi, Rwanda (shule nitaisitiri) pamebandikwa karatasi ya manila yenye majina ya wanafunzi, na mbele ya kila jina safu ya nyota zilizochorwa kwa kalamu nyekundu. Juu ya meza ya mwalimu upo mfuko wa pipi, au bombo kama watoto wenyewe wasemavyo. "Nani ataniambia wingi wa 'kiti kimevunjika'?" Mikono inaruka. Mvulana wa dawati la mbele anasimama, anajibu, anapigiwa makofi, anachorewa nyota, anapewa pipi. Anakaa, anaimenya. Kwa siku hiyo yeye na Kiswahili wameshamalizana.

Kwenye dawati la nyuma kabisa palikuwa na msichana wa mtaa wa Mbugangari asiye na nyota hata moja. Kipindi kilipokwisha nilimuuliza nyanya zinauzwaje siku hizi. Hakusita: "Iko bei mbaya, baba, lakini ukichukua mingi mama atakupunguzia." Mwalimu, aliyekuwa amesimama kando yetu, alikunja uso na kumsahihisha: zina, si iko, nyingi, si mingi. Alikuwa na haki ya kusahihisha. Ila hakuona kwamba katika darasa zima ni huyo peke yake aliyekwishatumia Kiswahili kufanya biashara na mtu, na kwamba jedwali lake la nyota lilimhesabu kuwa wa mwisho.

Nimekuja kugombana na imani iliyobandika ile karatasi: kwamba mtoto hawezi kujifunza lugha mpaka apewe kitu. Imeenea mno. Wazazi wanaahidi baiskeli kwa atakayeshika nafasi ya kwanza, walimu wananunua pipi kwa mishahara yao midogo, wakuu wa shule wanagawa madaftari na kalamu siku ya kufunga muhula. Tunaishi pia katika nchi ambayo tangu 2006 viongozi wa wilaya wamekuwa wakitia saini imihigo, yaani mikataba ya utendaji, mbele ya Rais, kisha wilaya zikipangwa kwa alama. Si ajabu darasa nalo likageuzwa wilaya ndogo.

Lakini imani hiyo kuota mizizi Gisenyi, kati ya miji yote, ni kichekesho. Teremka hadi Petite Barrière, kivuko cha mpaka wetu na Kongo. Kabla ya korona kuufunga mpaka Machi 2020, makumi ya maelfu ya watu walivuka pale kila siku kwa miguu kuingia Goma na kurudi, wengi wao wanawake wenye mboga, maziwa na nyanya kichwani. Wengi wao lugha ya mama ni Kinyarwanda. Nani aliwafundisha Kiswahili? Hakuna aliyewachorea nyota. Walikijua kwa sababu mteja wa upande wa pili aliuliza bei, na asiyejibu alirudi jioni na beseni lake limejaa. Waliokosea ngeli walichekwa, wakacheka nao, wakauza. Ujira wa sentensi yao ulikuwa kuitikiwa.

Pipi inavunja kitu hicho hasa. Mtoto anayesema ili apewe hamsemeshi mtu; anausemesha mfuko ulio mezani. Na kwa kuwa ana akili, atatafuta njia fupi zaidi ya kuufikia. Atasema sentensi ya maneno matatu asiyoweza kuikosea. Hatathubutu kusimulia jinsi ndugu yake alivyoanguka katika Ziwa Kivu, maana simulizi ndefu ina mitego mingi na nyota inaponyoka. Muulize mwalimu yeyote wa lugha: anayeongea sana ndiye anayekosea sana, na ndiye anayejua lugha upesi. Jedwali la nyota huwafunza watoto kinyume chake.

Tena pipi huua hamu yenyewe, na jambo hili lilikwishapimwa. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio walilofanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota na utepe iwapo wangechora. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa tena bila ahadi yoyote, wale waliokuwa wameahidiwa walichora kwa takribani nusu ya muda wa wenzao. Watoto waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hawakupoteza hamu. Kwa hiyo cheti chenyewe hakikuwa na kosa. Sumu ilikuwa katika mapatano ya "fanya hiki nikupe kile". Mwaka 1999 Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walikusanya tafiti 128 za namna hiyo, na picha ikabaki ileile: zawadi ya kushikika iliyoahidiwa mapema hupunguza hamu ya mtu kwa jambo alilolipenda. Neno la kutia moyo halina madhara hayo.

Watetezi wa zawadi nao wana silaha, na sitazificha. Watanitajia wasichana wa Busia, Kenya, walioshindania ufadhili wa masomo mwaka 2001 na 2002 na alama zao zikapanda. Kweli. Ila wale walishindania ada na mahitaji ya shule, yaani mlango wa kuendelea kusoma, na hapo zawadi na jambo lenyewe vilikuwa kitu kimoja. Watanitajia pia utafiti uliofanyika humu humu Rwanda na kuchapishwa 2021, ambamo walimu wa msingi waliolipwa kwa utendaji wao waliinua kiwango cha wanafunzi. Nakubali, na walimu waongezewe hata zaidi. Mwalimu yuko kazini. Mtoto anayejifunza kuongea hayuko kazini, na anayemgeuza kibarua asishangae akigoma siku mshahara ukikosekana.

Inabaki hoja ya utulivu, na hii ndiyo ninayoionea huruma. Ukiwa na watoto 60 mbele yako na chaki moja, pipi hunyamazisha darasa haraka kuliko fimbo. Lakini darasa la lugha lililonyamaza linafanya nini? Tena pipi na fimbo ni ndugu wa tumbo moja. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, jinsi shule za kikoloni Kenya zilivyompitishia kitufe mtoto aliyenaswa akisema Kikuyu, naye akamtafuta mwenzake wa kumkabidhi, hadi jioni wote wakaadhibiwa. Na katika shule hizohizo, aliyefanya vizuri Kiingereza alipewa tuzo na makofi. Kitufe na tuzo vilikaa kwenye meza moja. Vyote viwili vilimfunza mtoto kwamba lugha ni mali ya mwalimu, ya kugawiwa au kunyang'anywa.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na Kongo yenyewe ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sababu za kukisema hapa kwetu haziishi, na zinapita barabarani mbele ya dirisha la darasa.

Nilimpa mwalimu yule pendekezo. Amwite muuza nyanya mmoja wa mpakani, aketi mbele ya darasa saa nzima, na watoto wamuulize wanachotaka: bei, mvua, wateja wa Goma, watoto wake. Makosa yasahihishwe kesho. Alipenda sana. Alitazama dirishani, akawa kama anapanga siku na saa, kisha akanigeukia.

"Sawa," alisema. "Na atakayeuliza vizuri zaidi, tutampa nini?"