Kupanua kituo cha afya Kindu: munganga kwanza ao kiwanja kwanza?

Mji wa Kindu uko na komini tatu. Kasuku na Mikelenge ziko upande wa kushoto wa mto Lualaba. Alunguli iko ng'ambo, na daraja hakuna. Mchana wakaaji wanavuka kwa pirogi. Usiku, mama mwenye uchungu wa kuzaa anamtegemea mpiga kasia atakayekubali kuamka. Kwa hiyo kila kituo cha afya cha upande ule kinachotaka kuongeza chumba cha kuzalishia ao vitanda vya wagonjwa wa kulala kinapata haraka watu wa kukiunga mkono. Pesa ikipatikana kidogo, mafundi wanaitwa.

Hapo ndipo shida inaanzia. Ukuta unapanda, halafu wakubwa wa urbanisme wanapita na kuandika kwa rangi nyekundu kwamba kazi isimame. Mwenye kituo anakimbia huku na huku kutafuta karatasi ambayo alipaswa kuwa nayo kabla ya tofali la kwanza. Na mtu anayetafuta karatasi wakati saruji yake inaganda hana nguvu ya kujadiliana bei.

Wengi wanafikiri kibali ni kimoja. Viko viwili, na ofisi zake hazizungumzi sana. Wa kwanza kuulizwa angefaa kuwa munganga mkuu wa zoni ya afya. Mji umegawanywa katika zoni mbili, ya Kindu na ya Alunguli, na kila zoni imepanga kituo gani kinahudumia kartie gani. Kituo cha afya cha kawaida kinapewa kazi za msingi: kupima wagonjwa, kuchanja watoto, kuzalisha mama asiye na matatizo. Upasuaji ni kazi ya hospitali kuu ya rufaa. Basi anayejenga chumba cha upasuaji anaomba kubadilishiwa cheo cha kituo, hata kama kwenye barua ameandika "kupanua". Zoni na Divisheni ya Afya ya jimbo zikikataa, kibali cha kujenga kitampa nyumba nzuri. Hospitali hatakuwa nayo.

Mlango wa pili ni udongo, na huu unauma zaidi. Tangu sheria ya Bakajika ya 1966, kisha ile ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya leta. Raia anapewa haki ya kuutumia tu, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na konservateri wa vyeti vya ardhi. Vituo vingi vilianza kwa njia nyingine: mzee wa familia alitoa kipande, mkubwa wa kartie akaweka saini, basi. Mzee akifa, watoto wake wanarudi, hasa wakiona jengo jipya. Cheti kikishapita miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu sana kukiangusha. Karatasi ya kartie haina kinga hiyo. Kupanua jengo juu yake ni kuongeza thamani ya kitu ambacho jirani anaweza kukidai kesho.

Majirani nao wako na neno lao. Sindano zilizotumika, kondo la nyuma, moshi wa shimo la kuchomea takataka: vyote vinaongezeka vitanda vikiongezeka, na parseli za mjini ni ndogo. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka uchunguzi kabla ya mradi unaoweza kuharibu mazingira. Kuwaita majirani mapema, kabla ya kuchimba msingi, ni bei rahisi kuliko kesi.

Mtu atauliza, kwa nini leta isijenge yenyewe? Programu kubwa ya maendeleo ya teritware 145 inajenga vituo vya afya na shule, lakini hesabu yake ni ya teritware. Maniema iko nazo saba, kuanzia Kabambare mpaka Punia. Mji wa Kindu si mmojawapo. Mjini, kupanua kunabaki sana mikononi mwa makanisa, mashirika na watu binafsi, yaani wale wale wanaoombwa malipo kila mlangoni. Anayelipa adai maandishi ya kiasi anachodaiwa na risiti ya benki.

Kuna swali moja ambalo ofisi ya ujenzi haiulizi kamwe, na zoni ya afya inapaswa kuliuliza kwa sauti: nani atalala na wagonjwa? Wauguzi wengi hawapati mshahara wa leta. Wanaishi kwa sehemu ya pesa anayolipa mgonjwa. Vitanda kumi vipya vinataka wauguzi wa zamu ya usiku, na kama hakuna mfadhili, mshahara wao utaingia katika bei ya kuzaa. Mama wa Alunguli ataokoa pesa ya pirogi, halafu ataacha nyingine mlangoni pa chumba kipya.