Nani anabadili mpango wa umeme?
Ukishuku kuwa mpango wa umeme wa Windows kwenye laptopu yako unabadilika wenyewe unapocheza gemu, kuna hatua moja muhimu ya kuanzia. Kabla ya kufuta programu yoyote, fungua gemu, bonyeza Alt na Tab utoke kidogo, kisha andika kwenye dirisha la amri: powercfg /getactivescheme. Utaona jina la mpango unaotumika wakati huohuo. Ukikuta umehama, mtuhumiwa wa kwanza ni ile programu ya mtengenezaji iliyokuja na laptopu, yenye vitufe vya "kimya" na "kasi". Nyingi hubadili mpango zenyewe gemu inapofunguka au chaja inapochomolewa. Zima kipengele hicho humohumo ndani yake; ukirekebisha kwenye Control Panel peke yake, itakurudisha kulekule.