Makuta ya nyumba haiko ya kutafutia faida



Kila wiki kuna mtu anatutumia ujumbe kwenye simu: "Weka dola 50 leo, kisha siku 30 utabeba 100." Mwingine anatuita kwenye sarafu za intaneti, mwingine kwenye shimo la madini upande wa Kambove, mwingine anatafuta mshirika wa kununua naye pikipiki. Hatusemi kama yote ni uongo. Tunakuuliza kitu kimoja tu: makuta unayotaka kuweka pale, ni makuta ya nini?

Mimi ninayeandika, yangu ilikuwa ya garanti. Nilikusanya dola 180 juu ya kuhamia nyumba ingine kule Kikula. Rafiki akaniita kwenye biashara ya kuleta simu kutoka Lubumbashi, nikamupa yote. Haikuwa wizi. Simu zilifika kweli, ila ziliuzwa polepole. Mwezi wa pili mama akaugua, na makuta yangu ilikuwa ndani ya simu ambazo hakuna mtu alikuwa ananunua. Nikaenda kwa banque Lambert: nikabeba 100 ili nirudishe 150 kisha mwezi moja. Juu ya kumaliza ile deni, niliuza sehemu yangu nusu ya bei. Miezi mitatu baadaye rafiki akapata faida yake. Biashara ilikuwa nzuri. Mimi njo sikukuwa na msingi wa kuingojea.

Wazee wetu waliona jambo hili kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali kuacha kazi katika ile Opération Départs Volontaires, kwa makuta ya Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wamemaliza miezi na miezi bila mshahara. Makuta ilipofika, ilikuta madeni, njaa na masomo ya watoto vinaingoja mlangoni. Yale makuta yalitakiwa pia yazae: duka, shamba, gari. Kuna waliofaulu. Wengi hawakufaulu, na tusiwaite wajinga. Makuta moja haiwezi kulipa deni, kulisha nyumba na kuzaa faida kwa wakati moja.

Na ile ya 50 kuwa 100 si mpya. Kinshasa iliiona mwaka 1991 na Bindo Promotion: watu walipeleka akiba zao kwa ahadi ya faida kubwa ya haraka, kisha nyumba nzima ikaanguka.

Basi, msingi ni nini?

Kwanza, andika. Mwezi mzima, kila franka inayoingia na inayotoka, hata ya mkate na megabaiti. Usipojua makuta yako inaenda wapi, hauwezi kujua iliyobaki.

Pili, maliza deni. Kama banque Lambert anakula 50 juu ya 100 kila mwezi, hakuna biashara ya kweli hapa Likasi itakayokulipa hivyo kila mwezi. Kulipa ile deni njo faida yako ya kwanza.

Tatu, weka akiba ya miezi mitatu ya chakula, nyumba na dawa, mahali unapoweza kuichukua haraka: benki, COOPEC, ao kwenye simu. Franka ni za matumizi ya mwezi. Akiba ya kukaa, wengi wetu tunaiweka kwa dola, na kuna sababu: franka ilipoanza mwaka 1998, dola moja haikufika franka mbili. Leo inapita elfu mbili.

Nne, usichanganye likelemba na akiba. Likelemba ni nzuri, inatufundisha kutoa kila wiki bila kukosa. Lakini zamu yako ina tarehe, ugonjwa hauna.

Kisha hapo, kile kinachobaki kipeleke kwenye biashara. Jiulize tu: ikipotea yote, nyumbani watakula?

Tunasikia jibu lenu: "Ninapata franka za siku, miezi mitatu nitaitoa wapi?" Ni kweli. Anayebeba mizigo sokoni hana mshahara wa kugawa. Kwake msingi ni wiki moja, kisha wiki mbili. Na hatutanyamaza juu ya mishahara inayochelewa na kazi zinazokosekana, sababu kijitabu cha hesabu hakitajaza mfuko ambao viongozi wameuacha wazi.

Lakini kuna jambo lingine tunaloliona kila uchaguzi. Kijana mwenye deni, akiletewa tisheti na franka 10,000, ni vigumu kukataa. Patroni akimwambia asaini karatasi ambayo hajasoma, anasaini, sababu kesho hana kitu. Mwenye akiba ya mwezi moja tu anaweza kusema "ngoja kwanza nisome." Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Wiki hii, kabla ya kujibu ule ujumbe wa dola 50, nunua kijitabu. Andika deni zako zote, na jina la kila unayemudai na kila anayekudai. Halafu mkutane watatu ao wane mu kartie, kila mtu aonyeshe yake. Tuanze pale.