Kwa Nini Mgonjwa wa Kupasuliwa Hunyimwa Chakula

Apitaye asubuhi mbele ya malango ya hospitali za Bukavu, iwe Hospitali Kuu ya Mkoa, iwe ile ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, huwaona akina mama wakiingia na sahani zilizofungwa kitambaa: bugali, sombe, sambaza za ziwa letu, na chupa ya chai. Kwetu mgonjwa hulishwa na jamaa yake. Desturi hiyo ni njema, nayo ni tendo la huruma tulilofundishwa tangu Katekisimu. Lakini iko siku moja ambayo sahani hiyo yaweza kumwua mgonjwa, nayo ni siku ya kupasuliwa. Juu ya siku hiyo twataka kusema leo.

Tutazame kwanza koo la mwanadamu. Humo hupitana njia mbili: ya chakula, iendayo tumboni, na ya pumzi, iendayo mapafuni. Tumezapo, kifuniko kidogo huifunga njia ya pumzi. Tone la maji likikosea njia, twapaliwa, nasi twakohoa mpaka litoke. Kikohozi hicho ni mlinzi tuliyepewa na Muumba.

Basi, dawa ya usingizi humlaza mgonjwa na mlinzi wake pamoja. Mlango wa juu wa tumbo hulegea, na kilichomo tumboni chaweza kupanda mpaka kooni. Mgonjwa hupaliwa, wala hakohoi. Vipande vya chakula vyaweza kuziba pumzi mara moja. Maji ya tumbo, yaliyo na asidi kali, huyachoma mapafu. Na vijidudu vikishuka pamoja nayo huleta nimonia, ambayo wengi huiita kichomi.

Jambo hili lajulikana tangu zamani. Mwaka 1946 Daktari Curtis Mendelson alitangaza habari za hospitali moja ya uzazi ya New York. Katika mimba 44,016 zilizohudumiwa pale kati ya 1932 na 1945, akina mama 66 walipaliwa hivyo wakiwa chini ya dawa ya usingizi. Wawili walikufa, wote wawili kwa kuzibwa pumzi na chakula. Yafaa tuseme hapa kwamba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa yumo hatarini kupita wengine, maana tumbo lake hukawia kumaliza chakula.

Je, mgonjwa afunge muda gani? Kwa kawaida madaktari huagiza hivi: chakula kizito au chenye mafuta, saa 8 kabla ya kulazwa usingizi, chakula chepesi au maziwa ya ng'ombe, saa 6, maziwa ya mama kwa mtoto mchanga, saa 4, maji matupu, saa 2. Uji si maji, na chai ya maziwa si maji. Hata yule atakayechomwa sindano ya mgongoni na kubaki macho lazima afunge, kwa sababu pengine kazi yenyewe itawalazimu madaktari kumlaza usingizi.

Wazee wetu wanakumbuka jinsi tulivyofunga tangu usiku wa manane kabla ya kupokea Komunyo. Mwaka 1953 Papa Pio XII aliruhusu maji. Mwaka 1957 alipunguza mfungo uwe saa 3. Na mwaka 1964 Papa Paulo VI aliufanya saa 1. Waganga nao walikuwa wakikataza hata tone la maji tangu usiku wa manane, na leo huwaruhusu wagonjwa wengi kunywa maji mpaka saa 2 kabla. Lakini tofauti ni hii: Kanisa humwondolea mfungo mgonjwa na amtunzaye, bali mfungo wa hospitali umewekwa kwa ajili ya huyo mgonjwa mwenyewe. Hakuna awezaye kumfungulia ila daktari wake. Kama atamani Komunyo, aipokee jioni iliyotangulia, au padri amwulize daktari kwanza.

Sasa tufikie neno zito. Mtoto analia kwa njaa, na mama yake anamnyonyesha kwa siri chini ya kitenge. Baba mzee ananung'unika, na binti yake anamtilia mkononi kipande cha bugali. Wote wawili wanapenda, wala hatuwalaumu kwa upendo wao. Lakini muuguzi akija kuuliza, "Amekula?" nao wakajibu, "Hapana," basi huruma imegeuka kuwa mtego. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humwumbua. Kama mgonjwa amekula, semeni alikula nini, na saa ngapi. Pengine kazi itaahirishwa. Kuahirishwa si adhabu. Na ikiwa hali yake haiwezi kungoja, daktari akijua ukweli atatumia njia nyingine za kuilinda pumzi yake. Asipojua, hawezi.

Baada ya kupasuliwa, hatari haijakwisha. Msimpe kitu kinywani kabla muuguzi hajaruhusu, wala kabla hajaamka sawasawa. Aketi wima alapo, aanze kwa maji kidogo kidogo, akikohoa, acheni. Msimnyweshe kamwe amelala chali. Akitapika kabla ya kuzindukana, mgeuzeni ubavu upesi, mkamwite muuguzi. Kama daktari hakukataza, kichwa chake kiinuliwe kwa mito. Asafishwe meno kwa mswaki asubuhi na jioni, maana uchafu wa kinywa hushuka mapafuni. Avute pumzi ndefu, akohoe huku akishika mto juu ya kidonda, na atembee mara aruhusiwapo. Mkiona homa, au pumzi za haraka, msingoje kesho.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mtalala siku moja juu ya mkeka kando ya kitanda cha mgonjwa. Nanyi wanafunzi, mnaojua kusoma saa na kuandika, mna kazi yenu: andikeni saa mgonjwa alipokula mara ya mwisho, mkamwonyeshe muuguzi. Sahani ya upendo isitupwe. Ifunikwe tu, ingoje. Mgonjwa akiisha kuamka na kuruhusiwa, ataila ameketi, nanyi mtamshukuru Mungu pamoja naye.