Hata Uzi wa Kioo Una Kikomo

Tangu nyaya za TEAMS na SEACOM zifike Mombasa kutoka baharini mwaka wa 2009, imezoeleka kusemwa nchini kwamba uzi wa kioo hubeba habari bila kikomo. Kauli hii imepenya hata madarasani. Yafaa tuikosoe, kwani kila chenye mwanzo hakikosi mwisho, na mwisho wa uzi huu wakadirika kwa hesabu.

Mwaka wa 1948, Mmarekani Claude Shannon alithibitisha kwamba uwezo wa njia ya mawasiliano hutegemea upana wa masafa na uwiano wa nguvu ya ishara na nguvu ya kelele. Tuchukue ukanda wa mwanga utumikao sana katika nyaya hizi, wenye upana wa hezi trilioni 4 hivi. Ikiwa nguvu ya ishara ni mara 31 ya kelele, twajumlisha 1 tupate 32, yaani 2 kwa kipeo cha 5. Hizo ni biti 5 kwa sekunde kwa kila hezi. Mwanga nao hutetema katika mielekeo miwili isiyoingiliana, hivyo biti huwa 10. Jumla ni biti trilioni 40 kwa sekunde katika uzi mmoja. Ni nyingi mno, lakini zina idadi.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: mbona tusiongeze nguvu ya mwanga? Mwanga mkali hubadilisha tabia ya kioo chenyewe, ishara zikaanza kuvurugana. Mitra na Stark walionyesha mwaka wa 2001 kwamba, kupita kiwango fulani, kuongeza nguvu hupunguza uwezo. Ni mithili ya darasa ambamo kila mmoja apaza sauti ili asikike. Hatimaye hasikiki yeyote.

Walimu wasilipuuze jambo hili. Wanafunzi wa leo ndio watakaopanga mitandao ya taifa na kutia saini mikataba yake. Aaminiye kwamba uzi hauna kikomo hataona haja ya kuuliza ni nyuzi ngapi zilazwe, wala kwa gharama ya nani. Maneno "bila kikomo" tuwaachie wenye matangazo ya biashara. Darasani tufundishe kukadiria, na kwa Kiswahili pia, kwa maana hesabu hii haikukataa kuelezwa kwacho.