Pasipo na kiti cha enzi palikuwa na sheria

Imani moja imeota mizizi kwa watengenezaji wa michezo ya kompyuta ya kuongoza dola za kale, na kwa vijana wetu wanaoicheza: pasipokuwa na mfalme hapakuwa na serikali, na pasipokuwa na serikali hapakuwa na sheria. Kutoka Kilembwe, huku sekta ya Lulenge katika teritware ya Fizi, mashariki mwa Kongo, naipinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote. Haikuzaliwa kwenye kompyuta, na madhara yake hayaishii huko.

Tazama michezo hiyo inavyopanga tawala. Katika Civilization VI kila taifa huanza na utawala wa chifu, kisha hupanda ngazi kwa ngazi mpaka demokrasia, ufashisti au ukomunisti. Crusader Kings III, iliyotoka mwaka 2020, ina tawala za kikabila, na mtawala wa kabila anayetaka kuingia katika mfumo wa kimwinyi sharti kwanza apandishe mamlaka yake juu ya watu wake mpaka yawe kamili. Kijana anayecheza anafundishwa kwamba kuendelea ni kukusanya nguvu zote mkononi mwa mtu mmoja. Europa Universalis IV nayo, kwenye ardhi isiyo na dola, inawapima wenyeji kwa namba tatu: wako wangapi, ni wachokozi kiasi gani, na ni wakali kiasi gani vitani. Namba ya nne, ya sheria zao, haipo.

Victoria 3 ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ndiyo inayoielewa sheria kuliko zote. Humo kuna sheria za kura, za ardhi, za kodi, za utumwa, na kila moja ina watu wanaoitaka na wanaoipinga ndani ya nchi. Ukilazimisha sheria ambayo wenye nguvu hawaitaki, unaweza kujikuta katikati ya uasi. Ni kazi nzuri sana. Lakini mchezo huo ulipotoka mwaka 2022, watu wa bara letu wasio na wafalme walitiwa wote katika kapu moja la mataifa yasiyo na serikali kuu, ambayo mchezaji hawezi kuyachagua. Mvutano wote ule wa sheria ni wa wengine, na wao kazi yao ni kungoja kutawaliwa.

Sasa njoo huku kwetu. Wabembe wa Fizi na jirani zao Warega, wa Mwenga, Shabunda mpaka Pangi, hawakuwa na mfalme mmoja juu ya koo zote. Walikuwa na bwami, chama cha watu wenye vyeo. Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji aliyeichunguza kwa miaka mingi na kuiandikia kitabu mwaka 1973, alionyesha jinsi inavyofanya kazi kwa Warega: ni ngazi, na ya juu kabisa inaitwa kindi. Ngazi hairithiwi kama kiti. Mtu anaipanda kwa kufundishwa, kwa kuungwa mkono na ndugu zake na wajomba zake, na kwa kutoa mali nyingi inayogawiwa waliomtangulia. Tabia yake inatazamwa kila hatua. Wanawake wana ngazi zao, na mwanaume hafiki juu kabisa bila mke wake naye kuingizwa. Mafundisho yanatolewa kwa methali, kwa ngoma, na kwa vinyago vya pembe ya ndovu, vile vile ambavyo leo vimejaa katika makumbusho ya Ulaya vikitazamwa kama mapambo.

Hiyo ni katiba. Inasema nani anaweza kupata cheo, kwa gharama gani, kwa idhini ya nani. Inasema pia mali ya tajiri iende wapi: inamtoka mikononi na kurudi kwa watu, naye anabaki na heshima. Mchumi yeyote angeitambua kuwa ni sheria ya kodi.

Na sheria hizo zina namna yake ya kufanya kazi ambayo ukiiona kwa karibu huwezi kuisahau. Chukua kesi ya michikichi, maana huku kwetu ni kesi ya kawaida: babu wa huyu alipanda michikichi kwenye shamba ambalo leo linalimwa na mjukuu wa yule. Matunda yake yanavunwa na nani? Wazee wanaketi. Mwenye madai hasemi sana, mkubwa wa ukoo wake anamsemea. Upande wa pili unajibu. Kisha wote wanageuka kumtazama mjomba ambaye hajafungua kinywa tangu asubuhi, na mpaka aseme, shauri halifungwi. Akikataa, watu wanarudi nyumbani na kukutana tena siku nyingine. Likiisha, mbuzi wa faini analiwa na pande zote mbili pamoja, ili kesho asiwepo wa kusema hakuwepo. Hakuna askari pale. Kinachofunga hukumu ni kwamba kila aliyekuwa na uwezo wa kuivunja amekwisha kuikubali.

Kuiacha ramani tupu mahali kama hapa kuna historia yake, nayo ni chungu. Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilitangaza kwamba ardhi zilizo wazi ni mali ya dola. Nani aliamua ipi iko wazi? Yule yule aliyeitaka. Msitu wa kuwindia wa ukoo, shamba lililopumzishwa, njia ya maji, vyote vilionekana vitupu machoni pa mtu aliyekuwa akitafuta kiti cha enzi na hakukiona. Mtengenezaji wa mchezo anayepaka rangi ya ardhi isiyo na mwenyewe juu ya Lulenge anarudia tamko hilo, hata kama moyo wake ni safi.

Wabelgiji wenyewe, walipokuja kutawala, hawakuona utupu kwa muda mrefu. Waliona tatizo. Ukimshika mfalme umeishika nchi yake, lakini hapa ungemshika nani? Kwa amri ya tarehe 5 Desemba 1933 waliimarisha sekta, yaani vikundi vingi vidogo vilivyounganishwa chini ya shefu anayekubaliwa na utawala. Mwaka 1948 waliipiga bwami marufuku. Nawauliza wanaosema hapakuwa na serikali: mkoloni alikuwa anapiga marufuku nini?

Mpaka leo Fizi ni teritware ya sekta nne, Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika, wakati Kabare na Ngweshe ni sheferi zenye wafalme wao, wanaoitwa bami. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema sheferi inaongozwa na shefu anayetokana na mila, na sekta inaongozwa na shefu anayechaguliwa na baraza la sekta. Uchaguzi wa mabaraza hayo haujafika huku, hivyo mashefu wanateuliwa. Hapo ndipo imani ninayoipinga inapotudhuru. Kila jamii katika Kivu imeanza kuamini kwamba haitahesabiwa kuwa watu mpaka iwe na kiti chake, shefu wake, mpaka wake. Tumezika watu kwa ajili ya viti. Kijana aliyejifunza, shuleni au kwenye simu, kwamba historia ni orodha ya wafalme, atakosa vipi kudhani kwamba babu zake walioishi bila mfalme walikuwa si kitu?

Nitaambiwa ni mchezo tu, na kwamba mchezaji anahitaji kitufe cha kuamuru. Jibu langu ni kwamba michezo hiyo yenyewe imekwisha kuonyesha njia. Katika Crusader Kings unacheza ukoo, dola inakuja baadaye, na tangu nyongeza ya mwaka 2024 unaweza kucheza mtu asiyemiliki hata kipande cha ardhi. Basi mpe mchezaji ukoo wa Kibembe. Ushindi wake uwe kupanda ngazi za bwami, na kila ngazi imgharimu mali aliyohangaika kuikusanya, irudi kwa koo nyingine na kuzifunga kwake kwa deni la heshima. Amri zake zisubiri idhini ya watu wanaoweza kukataa. Na adui anayeingia nchini mwake akose mji mkuu wa kuuteka.

Sisemi ilikuwa pepo. Asiye na ndugu wala mali alibaki chini, na koo zilizotawanyika zilipata taabu kubwa kukusanya jeshi moja misafara yenye bunduki ilipoingia kutoka Ujiji na Kasongo kutafuta pembe na watumwa. Udhaifu huo nao uwekwe kwenye mchezo, kwa uzito wake wote. Ndani ya misafara hiyo kuna funzo jingine kwa watengenezaji: Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyekuwa na nguvu zake Kasongo, mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls na Leopold, bila kuacha kuwa mtu wa Sultani Barghash. Ardhi moja ilikuwa na sheria tatu kwa wakati mmoja: ya Dola Huru, ya wafanyabiashara, na ya koo. Ramani inayokubali rangi moja tu kwa kila mkoa haiwezi kuusema ukweli huo, na Afrika yetu ya karne ya 19 ilikuwa hivyo mahali pengi.

Anayetaka kuutengeneza mchezo huo, awe Bukavu, Nairobi au Stockholm, awahi kwa wazee wakiwa bado hai, wa Lulenge na wa Itombwe. Awaulize nani alikuwa na haki ya kukataa, na akikataa shauri lilisimama kwa muda gani. Awaulize mtu alitoa nini kupanda ngazi na kilimwendea nani, mke wake alisimama wapi siku ile, na ukoo uliouliwa mtu ulikubali fidia gani. Majibu yatatofautiana kutoka kilima hadi kilima, na tofauti hizo ziingie kwenye programu kama zilivyo, kila ukoo na sheria yake.