Hotel Impala ipigwe hata Dilolo

Shaba ya Kolwezi inapita Dilolo kwenda Lobito kwa gari la moshi, na wakaaji wanauliza: hapa kunabaki nini? Hata nyimbo zinakwenda hivyo hivyo. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2007, rapu iliyochanganywa na soul. Aliiita Hotel Impala, jina la hoteli ya baba yake Kolwezi. Ilikuwa jibu kwa mama yake, aliyemwandikia barua baada ya miaka mingi ya kutengana.

Wanaosema huo ni muziki wa Wazungu wanakosea. Familia iliyokimbia ikaacha nyumba na makaburi inaujua uchungu huo. Redio za hapa zinangoja nani? Ziupige, na maneno ya Kifaransa ziyaeleze kwa Kiswahili.